PAPA WETU ANA MIGUU MINNE

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Kaoze

NDUGU msomaji, hebu nikupeleke kwanza kwenye banda la video.

Huku kwetu Kaoze, bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa, jenereta likishawashwa banda hujaa hata kama mkanda wenyewe watu wameuona mara kumi. Jioni moja ulikuwa ukionyeshwa mkanda wa papa, ile picha ya Marekani ya mwaka 1975 iitwayo Jaws. Banda zima lilikuwa likipiga kelele. Watu ambao bahari hawajaiona hata siku moja walikuwa wanapandisha miguu juu ya mabenchi, eti papa asije akawafikia!

Mbele yangu walikaa wasichana wawili. Walipiga kelele kuliko wote. Picha ilipokwisha ilikuwa saa moja kasoro za jioni, giza linaanza kushika. Wakatoka nje, wakachukua ndoo zao walizokuwa wameziegemeza ukutani, wakaenda zao mtoni kuchota maji. Kwenye mamba.

Hakuna aliyepiga kelele. Hata mimi sikusema neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa najiuliza: hivi sisi tunaogopa nini, na tumefundishwa na nani kukiogopa?

Tuangalie hesabu, maana hesabu haina chama. Kwa wastani, papa huua watu wapatao sita tu kwa mwaka katika dunia nzima bila kuchokozwa. Sita! Kwa upande wa pili, watafiti walikadiria mwaka 2013 kwamba binadamu huua papa wapatao milioni 100 kila mwaka, wengi wao kwa ajili ya mapezi yanayopikiwa supu huko Asia. Kwa hiyo kati ya papa na mtu, anayepaswa kupandisha miguu juu ya benchi ni papa.

Mamba je? Mamba wa Afrika, huyu tuliye naye katika Ziwa Rukwa na mito inayoliingia, anakadiriwa kuua watu mamia kila mwaka katika bara hili. Nasema anakadiriwa kwa sababu wengi wa wanaoliwa ni kabwela wa vijijini, na kifo cha kabwela mara nyingi hakiandikwi popote. Huzikwa kilichopatikana, na kama hakikupatikana kitu huzikwa nguo.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji, papa alivyoshughulikiwa na wenzetu.

Kule Durban, Afrika Kusini, papa walipozidi kuwauma waogeleaji, nyavu za kuwazuia ziliwekwa baharini mwaka 1952. Mwaka 1964 ikaundwa bodi maalumu ya kushughulikia papa, na ipo hadi leo. Kule Cape Town, tangu mwaka 2004, wako watu wanaokaa juu ya mlima na darubini, kazi yao ni kutazama bahari tu. Papa akionekana inapandishwa bendera nyeupe na king'ora kinalia, waogeleaji wanatoka. Ziko bendera nyingine za kijani, nyeusi na nyekundu, na kila moja ina maana yake inayojulikana hata kwa mtoto. Papa haguswi, na mtu anarudi nyumbani salama.

Kule Marekani liko daftari la mashambulizi ya papa lililofunguliwa mwaka 1958. Mtu akiumwa na papa popote duniani, wataalamu wanatafuta kujua: ilikuwa saa ngapi, kina gani, maji yalikuwa na tope au meupe, mtu alikuwa anafanya nini. Kutokana na daftari hilo wamejifunza mengi na wamewafundisha watu wao. Hata Peter Benchley, mwandishi wa kitabu kilichotolewa picha ile ya Jaws, alikuja kujutia namna alivyomchora papa, akatumia miaka yake ya mwisho kuwatetea papa mpaka alipofariki mwaka 2006.

Usidhani mambo haya ni ya ughaibuni tu. Hapa hapa Tanzania, kisiwani Mafia, yuko papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye hamli mtu bali huchuja vijidudu vya majini. Kila papa potwe ana mabaka yake mgongoni na ubavuni yasiyofanana na ya mwenzake. Watafiti humpiga picha, na programu ya kompyuta iliyotokana na hesabu za wataalamu wa nyota huyasoma mabaka hayo kama mtu anavyosoma ramani ya mbingu. Wengine walifungwa vyombo vidogo vinavyotoa sauti, na mwaka 2015 watafiti wakachapisha walichogundua: papa hao waliodhaniwa kuwa huondoka Mafia msimu unapokwisha, wengi wao hawaondoki. Wanasogea tu mbali na pwani, kwenye maji ya kina zaidi.

Mimi silalamiki kwamba papa potwe amehesabiwa baka kwa baka. Nafurahi. Ni mali yetu sote. Ninachouliza ni hiki: papa asiyeuma mtu anajulikana kwa mabaka yake, je, binti wa Kaoze aliyeliwa na mamba anajulikana na nani?

Papa wetu sisi ana miguu minne. Na bendera yake iko wapi?

Nikueleze jambo lililonipata nikiwa darasa la sita. Mwenzetu wa darasani, msichana, alikwenda mtoni jioni na mdogo wake. Mdogo alirudi peke yake anakimbia, hawezi kusema. Wanaume walitoka na mikuki na tochi. Waliona ndoo imeelea. Kesho yake shule ilifungwa tukaenda msibani.

Pale msibani, ndugu msomaji, hakuna aliyeuliza kwa nini kijiji hakina kisima. Hakuna aliyeuliza kwa nini watoto wanachota maji gizani. Swali lilikuwa moja tu, likisemwa kwa sauti ya chini: "Nani kamtuma?" Wakasema mamba yule si wa Mungu. Mbona watu wengi walipita pale asubuhi asiwaguse? Mbona alimjua yule yule? Basi amefugwa, na mwenye kumfuga yupo.

Ikatafutwa sababu, ikapatikana. Alikuwepo bibi mmoja mjane ambaye aliwahi kugombana na familia ile kwa ajili ya mpaka wa shamba la mpunga. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini, lakini nani atakayesikiliza habari za moshi? Wiki haikwisha nyumba yake ikachomwa. Akapanda juu Sumbawanga na kifurushi kimoja, na Kaoze hakuonekana tena.

Mamba mmoja, waliopotea wawili. Na watu wakaendelea kuchota maji pale pale, saa ile ile.

Najua wasomaji wa mijini mtacheka. Mmezoea kututania kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", na ukisema unatoka huku watu wanasogeza viti. Lakini msitucheke. Mtu asiyepewa maelezo hujitengenezea ya kwake. Penye pengo la elimu ndipo uchawi hujenga nyumba. Wa kulaumiwa si mfiwa mwenye uchungu, ni yule mwenye maelezo aliyekaa nayo ofisini.

Na maelezo yapo! Ndiyo yanayoniuma. Lile swali la msibani, "Mbona alimjua yule yule?", lina jibu la kisayansi, na jibu lenyewe mtu wa Kaoze angelielewa kwa dakika tano.

Mamba ni mwindaji wa kuvizia. Hakimbizi kitu, husubiri. Na katika kusubiri hujifunza. Mnyama anayekuja kunywa mahali pale pale kila siku, mamba humzoea nyendo zake. Mtu naye ni hivyo hivyo. Ukichota maji kwenye jiwe lile lile, saa kumi na mbili ile ile, siku ya kwanza anakuona akiwa mbali, siku ya tano amesogea, siku ya kumi yuko chini ya jiwe. Hakutumwa na mtu. Amekujua kwa sababu unakuja kila siku.

Tena hahitaji kukuona. Kwenye ngozi yake, hasa kuzunguka taya, ana vipele vidogo vyeusi vinavyohisi mtikisiko wa maji. Ndoo ikigusa maji, hata gizani, hata kwenye tope, yeye ameshapata habari. Anaweza kukaa chini ya maji muda mrefu bila kupumua na wewe ukaona maji yametulia kama kioo. Wazee walisema zamani kwamba maji yaliyotulia ndiyo yenye kina. Wangeongeza: na ndiyo yenye meno.

Je, wajua kwamba si kila mamba ni wa kuogopwa sawasawa? Mtafiti Mwingereza aitwaye Hugh Cott, aliyefanya kazi Uganda na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, alipasua matumbo ya mamba mamia na kutoa taarifa yake mwaka 1961. Aligundua kwamba mamba wadogo hula wadudu na viumbe vidogo vya kando ya maji, wa kati hula samaki zaidi, na wakishakuwa wakubwa ndipo wanapokamata wanyama wakubwa. Anayeua mtu kwa kawaida ni yule aliyefika kama mita tatu au zaidi. Sasa sisi mtu akiuawa tunakwenda kuvunja mayai na kuua vitoto, halafu tunarudi tukidhani tumelipiza kisasi. Jitu lenyewe lililoua limelala mahali pake linatutazama.

Je, wajua kwamba mamba jike hutaga mayai hamsini hivi, akayafukia mchangani na kuyalinda kwa miezi karibu mitatu? Joto la mchanga ndilo linaloamua kama kitatoka kitoto cha kiume au cha kike. Vikilia ndani ya mayai, mama hufukua na kuvibeba mdomoni, katika meno yale yale, kuvipeleka majini. Mama huyo akiwa kwenye kiota hana mzaha na mtu. Mvuvi anayejua ukingo gani una viota hatatua nyavu zake pale. Asiyejua atatua. Na watafiti wa kusini mwa Afrika wameona kwamba mashambulizi huongezeka katika miezi ya joto na mvua, wakati mito imejaa na mamba wana nguvu ya kutembea na kula. Miezi hiyo ndiyo ya kuonya watu kwa redio na kwa mbiu ya kijiji. Sisi tunaonywa na kilio.

Mimi niliishia kidato cha nne. Biolojia niliisoma, tena kwa Kiingereza. Nilikariri kwamba moyo wa mamba una vyumba vinne tofauti na wa mijusi, na nikapata alama. Lakini hakuna mwalimu wala kitabu kilichonifundisha mtu asimame umbali gani na maji. Nilifundishwa moyo wa mamba, sikufundishwa mdomo wake! Hiyo ndiyo elimu tunayopewa, ndugu msomaji. Mtoto wa Kaoze anafanya mtihani juu ya mamba kwa lugha ya wageni, kisha anakwenda kuchota maji kwa mamba yule yule akiwa hajui kitu.

Wala si kwamba nchi hii haina wataalamu. Chuo cha Wanyamapori cha Mweka kipo tangu mwaka 1963. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1980 na makao yake yako Arusha. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilianza kazi mwaka 2016. Mishahara yao inatokana na kodi ya chumvi na kiberiti vya kabwela. Taarifa zao huandikwa kwa Kiingereza, husomwa na waandikaji wenzao kwenye semina, kisha hufungwa kwenye makabati. Mtu wa mwaloni sehemu yake ya utafiti ni kuulizwa maswali. Anahojiwa, anashukuriwa, gari linaondoka, vumbi linabaki.

Hapa najua wako watakaonirukia: "Wewe kijana, acha porojo za vipele na viota. Tuwaue wote yaishe!" Nawaelewa. Aliyezika nguo za mwanawe hawezi kuambiwa habari ya uhifadhi. Lakini tusikilizane kidogo.

Jambo hilo liliwahi kujaribiwa. Katika miaka ya ukoloni, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, mamba wa Afrika Mashariki waliwindwa kwa ajili ya ngozi zilizokwenda Ulaya kutengenezwa mikoba na viatu. Waliuawa usiku kwa tochi na bunduki mpaka sehemu nyingi wakapungua vibaya. Faida ilikwenda kwa wenye mikoba. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini ulipoanza kazi mwaka 1975, mamba wetu aliwekwa kwenye orodha ya waliokatazwa kabisa kuuzwa. Mwaka 1985, katika mkutano wa Buenos Aires, Tanzania na nchi nyingine kadhaa za Afrika ziliruhusiwa kuuza kwa mgao. Tangu hapo mamba ni mali, na mwindaji wa kigeni anayempiga risasi hulipa ada yake kwa dola.

Isitoshe mamba ana kazi yake majini. Anakula kambale wakubwa wanaokula samaki wadogo, anakula mizoga ambayo ingeoza kwenye maji tunayokunywa. Ziwa Rukwa halina mto wa kutokea. Kinachoingia humo kinabaki humo. Ziwa la namna hiyo, ambalo maji yake hupanda na kushuka mpaka mtu hajui ukingo wa mwaka kesho utakuwa wapi, si la kuchezewa kwa kung'oa kiumbe kimoja na kutegemea vingine vitasimama.

Kwa hiyo mimi simtetei mamba dhidi ya mtu. Ninasema hivi: ukimlinda mamba kwa sheria, mlinde mtu kwa elimu na kwa maji. Ukifanya la kwanza bila la pili, hapo hujahifadhi kitu. Umeyagawa maisha ya watu wako.

Na sheria yetu inasema nini mtu akishaliwa? Iko Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Chini yake zilitolewa kanuni mwaka 2011 zilizopanga malipo. Kwa mtu aliyeuawa na mnyama hatari, familia ilipangiwa Shilingi 1,000,000. Kwa ulemavu wa kudumu, Shilingi 500,000. Kwa jeraha la kupona, Shilingi 200,000. Angalia jina lenyewe: wenyewe hawakuita fidia. Wameita kifuta machozi! Maana yake wakubwa wanakiri kwamba hakuna kinacholipwa hapo, ni kitambaa tu unachopewa ujipanguse. Milioni moja kwa mtu mzima, baba au mama wa watoto. Ukitoa nauli za kupanda na kushuka mlima kufuatilia fomu, picha, muhuri wa huyu na saini ya yule, mfiwa anaanza kulia upya kwa ajili ya kifuta machozi chenyewe. Naijua familia iliyofuatilia misimu miwili ya mpunga. Kila wakifika waliambiwa jalada liko juu. Juu wapi? Mbinguni?

Hata malipo hayo yakiongezwa mara kumi, bado ni malipo ya kuchelewa. Dawa ya mamba haiko kwenye kifuta machozi. Iko kwenye bomba.

Hapa ndipo ninapotaka wazee wetu wakumbuke. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini. Ahadi ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini atapata maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ukafika, ukapita. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaja na mita zile zile 400. Mwaka 2019 ukaundwa wakala wa maji vijijini, RUWASA. Sera zinazaa sera, wakala anarithi idara, na binti wa bondeni bado anahesabu hatua mpaka mtoni. Aliyezaliwa mwaka wa ahadi ile ana wajukuu sasa, na wajukuu hao wanabeba ndoo.

Hivi ndugu zangu mnaotutawala tangu Uhuru, mnataka miaka mingapi? Kila baada ya miaka mitano mnashuka Lyamba lya Mfipa na magari, fulana na kofia. Mnakunywa maji ya chupa jukwaani mbele ya watu wanaokunywa na mamba. Mkipanda mlima kurudi, tunachobakiwa nacho ni fulana. Fulana haizuii meno.

Kisima kimoja chenye pampu katikati ya kitongoji kinaokoa watu wengi kuliko bunduki kumi za askari wa wanyamapori. Tena kinamwokoa na mamba mwenyewe, kwa kuwa mamba asiyemla mtu hatafutwi kwa mikuki. Na kinamwokoa yule bibi mwenye macho mekundu, maana pasipo kifo hakuna wa kusingiziwa. Kisima ni mradi wa maji, ni mradi wa uhifadhi, na ni ulinzi wa wazee. Wenye shahada wanashindwaje kuona jambo ambalo mtu wa kidato cha nne analiona?

Basi nisiwe wa kulalamika tu. Mambo haya hapa, hayahitaji mfadhili wa kutoka mbali.

Kwanza, kila kijiji cha ukingoni kiwe na daftari la mamba kwa Mtendaji wa Kijiji. Mtu akishambuliwa, iandikwe tarehe, saa, mahali, alikuwa anafanya nini, mamba alikuwa na ukubwa gani. Kalamu na daftari bei yake inajulikana. Baada ya misimu miwili kijiji kitajua chenyewe wapi pabaya na saa gani mbaya, na taarifa zikipelekwa kwa watafiti, watakuwa na kitu cha kufanyia kazi.

Pili, penye ulazima wa kuchota maji ziwani au mtoni, kijengwe kizimba cha miti migumu au chuma ndani ya maji, watu wachote humo. Katika nchi ya Sri Lanka vizimba vya namna hiyo vinajulikana siku nyingi. Upande wa Ziwa Victoria mkoani Mwanza navyo vimeanza kujengwa. Rukwa si Tanzania?

Tatu, wataalamu washuke na lugha ya Kiswahili, na Kifipa na Kisukuma wakiweza, wakae mwaloni na wavuvi. Wafundishe na wafundishwe, kwa kuwa mvuvi mzee naye anajua mambo ya mamba yasiyo kitabuni. Hata mabanda ya video yatumike: kabla ya mkanda wa papa, dakika kumi za mamba. Nani atakataa kutazama?

Nne, shule za msingi za bondeni zifundishe kanuni za maji kama zinavyofundisha kuvuka barabara. Usichote mahali pamoja kila siku. Usichote gizani. Usiiname ukingoni, tumia kata yenye mti mrefu. Usitupe matumbo ya samaki penye kuchotea maji au kuogea. Usining'inize mkono nje ya mtumbwi. Mtoto asiende peke yake. Hayo ni masharti sita tu, mtoto wa darasa la kwanza anayakariri kwa wimbo.

Tano, kifuta machozi kilipwe haraka na karibu, na kiitwe jina lake halisi: fidia. Mamba ni mali ya Serikali pale anapouzwa kwa dola. Akiua, ghafla anakuwa wa Mungu, na wakati mwingine wa mchawi. Haiwezekani!

Nawe, ndugu msomaji, usiishie kutikisa kichwa. Uko mtaani Sumbawanga, uko Laela, uko Mpui au huku chini bondeni. Siku mgombea yeyote atakapokuja kwako, wa chama tawala au hata wa chama chetu hiki, usimuulize habari za bei ya fulana. Muulize kisima kiko mita ngapi. Akisema ataleta maendeleo, mwambie ataje mita. Mageuzi hayatakuwa na maana kama tutabadili watu majukwaani na ndoo zikabaki zile zile.

Na siku msiba wa namna ile ukitokea tena kijijini kwako, Mungu aepushe, na watu wakaanza kunong'ona "Nani kamtuma?", simama useme. Sema kwamba mamba hakutumwa na bibi wa jirani. Waliotumwa walikuwa watoto, na ndoo, jioni, mtoni. Waliotumwa na kiu. Na kisima ambacho kingewazuia kilitumwa tangu mwaka 1971, hakijafika.

Wale wasichana wawili wa banda la video walirudi salama jioni ile. Niliwaona kesho yake mnadani. Nilitaka kuwaambia yote haya niliyoyaandika, lakini wakati ule nilikuwa siyajui. Sasa nayajua, na wewe unayajua. Kazi iliyobaki ni moja: wamfikie aliyeshika ndoo.